Chumba cha Ndani cha Tusekile

Mzee Mwangupili hakukohoa kabla ya kuingia.

Kwa miaka tisa alikuwa akikohoa. Akifika kwenye geti la mwanawe, pale Nzuguni, Dodoma, alipiga kikohozi kikavu mara mbili, kisha akasimama kwa muda unaomtosha mtu kuepua sufuria na kutoka kwa mlango wa uani. Ndipo alipoingia. Tusekile, mkamwana wake, alikuwa ameshaacha chakula mezani kimefunikwa na maji ya kunawa yakiwa vuguvugu, na yeye mwenyewe haonekani. Ndivyo walivyolelewa kwao Rungwe: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai sebule moja, hawatajani majina. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima, na wote wawili waliishika kama watu wawili wanaovusha kioo kirefu barabarani, kila mmoja akichunga upande wake.

Kiharusi cha mwezi wa pili kilimnyang'anya mzee kauli na nguvu za upande wa kulia, na kikohozi kikaenda pamoja na kauli. Asubuhi ile ya Alhamisi muuguzi wa studio alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi chini ya taa, akakifunga breki hatua tatu mbele ya kochi alilokalia Tusekile. Wakawa wanatazamana uso kwa uso.

Asajile, aliyekaa kando ya mkewe, aliliona jambo hilo likitokea na hakulitambua. Macho yake yalikuwa kwenye ubao. Juu ya vichwa vyao ulining'inia ubao wa kioo wenye nguzo sita za rangi kwa kila mshiriki: furaha, huzuni, hasira, aibu, chuki, woga. Nguzo ya woga ya Tusekile ilikuwa ishirini na mbili. Kufumba na kufumbua ikawa hamsini. Ikawa sabini. Ilipogota tisini na moja, watazamaji mia mbili waliokuwa ukumbini wakavuta pumzi kwa pamoja.

Asajile alijua namba ile ina maana gani, kwa sababu maana yake aliiandika yeye.

Kila aliyeingia kwenye kipindi cha *Sebuleni* alibandikwa kisogoni kibandiko cha ukubwa wa kifungo cha shati. Kibandiko kilisoma mapigo ya moyo, unyevu wa ngozi, urefu wa pumzi na mtetemo wa misuli midogo ambayo mtu hawezi kuiamuru. Mashine ikageuza hayo yote kuwa namba sita. Asajile Mwangupili, mhandisi wa vipimo, ndiye aliyeisawazisha mashine hiyo na kuandika mwongozo wake. Ukurasa wa kumi na nne ulisema hivi: mshiriki ambaye woga wake unazidi themanini kwa sekunde arobaini mbele ya ndugu mmoja, achukuliwe kuwa amewahi kudhuriwa na ndugu huyo, na taarifa iende mara moja kwa afisa wa Ulinzi wa Familia.

Afisa hakuwa mbali. Alikuwa amekaa pembeni mwa seti, mtu mpole mwenye kitambi aitwaye Magesa, ameshika kishikwambi mapajani. Sekunde ya arobaini kikalia.

"Watazamaji, mmeona," alisema Mwanahija, mwendeshaji wa kipindi, na sauti yake ikashuka hadi kuwa ya msibani. "Tulikuja hapa kuamua mzee huyu mgonjwa akaishi kwa nani. Dada wa mhandisi ametuambia wifi yake anamkataa mzee kwa dharau. Lakini ubao unatuambia jambo jingine. Mama Lugano, mwanangu, huyu mzee alikufanya nini?"

Tusekile, mama wa Lugano, alikuwa amevuta kanga hadi usoni na kugeuza bega. Mbele ya mkwe wake asingeweza kujibu hata angeulizwa jina lake.

"Ngoja kwanza!" Subilaga, dada mkubwa wa Asajile, alisimama kutoka kochi la pili. Robo saa iliyopita alikuwa ameuchekesha ukumbi kwa kusema kwamba heshima ya wifi yake ni dharau iliyojitanda kanga. Sasa uso ulikuwa umemsawijika. "Ngojeni jamani. Mimi nilisema ana maringo. Sikusema mambo mengine. Baba yangu si mtu wa hivyo!"

"Kaa, dada yangu. Ubao hauna undugu na mtu."

"Ni mila," Asajile alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Mlivyowakalisha ndivyo sivyo. Ile ni heshima."

Mwanahija alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mhandisi, ulituandikia mwenyewe kwamba heshima haipandi zaidi ya arobaini na tano. Nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Ilikuwa ukurasa wa tisa.

Magesa aliinuka na kusoma kishikwambi kwa utaratibu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mzee Mwangupili angechukuliwa baada ya kipindi kupelekwa makao ya uangalizi. Angekaa siku tisini wakati uchunguzi ukiendelea. Ndugu hawaruhusiwi kumtembelea. Kwa kuwa hawezi kusema, na kwa kuwa mashine haisomi mwili uliopigwa kiharusi, hakuna maelezo yatakayochukuliwa kwake.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Tangu alipoletwa pale alikuwa akijaribu, kwa mguu wake mmoja mzima, kukigeuza kiti kitazame ukutani. Breki ilikuwa imefungwa. Kisigino kiliteleza sakafuni, kikarudi, kikateleza tena.

"Ipo njia moja," alisema Mwanahija. "Mhandisi anaijua. Afungue chumba cha ndani cha mkewe, tuone woga huo umeshikana na nini. Tukirudi kutoka kwenye matangazo, atatupa jibu."

*

Matangazo yalikuwa ya dakika nne. Waliruhusiwa kusimama nyuma ya ukuta wa mbao uliochorwa madirisha ya uongo.

Chumba cha ndani kilikuwa kazi ya wanasheria zaidi kuliko ya wahandisi. Asubuhi, mshiriki akiwa anapakwa poda, kifaa kidogo sikioni kilimtajia majina na maneno arobaini, polepole, na kibandiko kikaandika mwili ulivyoshtuka kwa kila moja, kisha kikaendelea kuongeza kila lililotajwa mbele yake kipindini. Hayo hayakuonyeshwa ubaoni. Sheria ilisema ya moyoni si ushahidi pasipo ridhaa. Wanasheria wa kipindi wakakaa, wakafikiri, wakaja na hoja kwamba mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo ridhaa ya mmoja ni ridhaa ya wote wawili. Chumba cha mke kikawa kinafunguliwa kwa dole gumba la kulia la mume, na cha mume kwa la mke. Asajile alikuwepo siku hiyo. Alikumbuka kwamba waliletewa sambusa.

"Usifungue," Tusekile alisema.

"Nikifungua wataona baba hana kosa."

Alishusha kanga na kumtazama. "Unajua hilo?"

Akachelewa kujibu. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili, lakini Tusekile alikuwa ameishi naye miaka tisa na hakuhitaji mashine.

"Sijui," alisema Asajile. "Naamini. Sijui."

"Haya."

"Tusekile, hujawahi kuniambia neno. Wala sijawahi kuona. Lakini namba ile nimeiona mara mia, na mara zote niliambiwa..." Hakuogopa tu kwamba watamchukua baba yake. Aliogopa kwamba mashine yake mwenyewe huenda inasema kweli, kwamba huenda kile kikohozi cha getini kilikuwa na historia asiyoijua, na kwamba njia ya kujua ilikuwa hapo, kwenye ncha ya kidole chake.

"Waliniuliza majina arobaini," Tusekile alisema. "Sikujibu hata moja, na bado wamepata majibu. Humo kuna mambo yangu. Mengine si yangu hata, ni ya watu walioniamini. Ukifungua hutachagua la kuona na la kuacha."

"Wakimchukua siku tisini atakufa. Daktari alisema..."

"Najua alichosema daktari. Siku tisa nilikaa nje ya mlango wa wodi ile, nikimsikia anavyohema. Wewe ulikuwa kazini."

"Basi niambie nifanye nini."

"Nimeshakwambia nisichotaka. Ukinitaka nikwambie na cha kufanya, utakuwa umenibebesha mimi."

Msaidizi wa studio alionyesha vidole viwili: dakika mbili zimebaki.

Asajile alifumba macho na kufanya kitu pekee alichokuwa na ujuzi nacho. Aliacha kujiuliza ya moyoni akajiuliza kuhusu kipimo. Arobaini na tano ya heshima ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu mia nne na kumi na wawili waliojitolea kupimwa. Watu hao walikuwa nani? Wanafunzi wa vyuo, kwa sababu wanafunzi ndio waliokuwa karibu. Walisimamishwa mbele ya walimu, mbele ya wakuu wa vitivo, mbele ya askofu mmoja na shehe mmoja. Kati yao mia nne na tisa hawakuwa wameoa wala kuolewa. Hakuna aliyesimamishwa mbele ya mkwe.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kwa mwaka mzima alikuwa akilizunguka kama mtu anayelizunguka shimo gizani. Mwezi wa saba wa kipindi, mama mmoja kijana wa Makambako alionyesha themanini na nne mbele ya baba mkwe wake, Mzee Kyando. Asajile aliitazama michoro ya kipimo kile baadaye na akaona ina umbo geni. Mtu aliyedhuriwa moyo wake hukimbia na miguu yake hukaza, kama anayetaka kutoka mbio. Yule mama moyo ulikimbia lakini mikono na miguu ilikuwa imetulia kabisa, kama mtu aliyebeba kichwani chungu kilichojaa. Asajile aliandika pembeni: inahitaji uchunguzi zaidi. Kisha akala chakula cha mchana. Mzee Kyando hajarudi nyumbani kwake hadi leo.

Akafumbua macho.

"Mama yuko wapi?" Alimaanisha mama mkwe wake, aliyepanda basi kutoka Tukuyu kumsindikiza bintiye.

"Yuko chumba cha ndugu." Tusekile alielewa kabla hajamaliza kusema, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Baba Lugano, usimfanyie mama hivyo. Na umri ule?"

"Muulize. Mwambie kila kitu. Akikataa, basi, sitamlaumu, tutatafuta jingine."

Tusekile akaenda nusu mbio. Aliporudi alikuwa anahema.

"Amesema kama ni kwa ajili ya yule mzee, atakuja. Lakini atakaa ubavu, mbele yako hakai. Na ukimaliza upuuzi wako utampelekea kanga, na usimkabidhi, umwachie mlangoni."

"Mwambie nimesikia."

*

Taa ziliwaka. Mwanahija alitabasamu kwa kamera, kisha tabasamu likazimika alipomgeukia Asajile.

"Mhandisi. Unafungua au hufungui?"

"Sifungui."

Ukumbi ukanguruma. Subilaga akapiga magoti palepale kwenye zulia. "Asajile! Kwa Mungu aliye juu, fungua! Unamficha nani? Huyu ni baba yako, alikubeba mgongoni kukuvusha mto Kiwira umeugua surua! Wifi, nisamehe yote niliyosema, mwambie afungue!"

"Inuka, dada."

"Siinuki!"

"Basi nisikilize hapo chini." Akamgeukia Mwanahija. Akaiweka mikono juu ya magoti ambapo kila mtu angeweza kuiona. "Mwongozo ni wangu, na una kosa. Kosa nililiona mwaka jana nikalinyamazia. Mashine haiwezi kutofautisha mkamwana anayemstahi mkwe wake na mtu anayemwogopa aliyemuumiza. Niliifundisha heshima kwa wanafunzi. Mwanafunzi asiyeoa hana mkwe."

Watu wachache walicheka, wakaacha.

"Maneno mazuri," alisema Mwanahija. "Lakini ndugu yangu, huyu ni baba yako. Kila mwenye baba angesema hivyo. Hapa tunapima."

"Basi nipimeni mimi. Mama mkwe wangu yuko nyuma ya mlango ule."

Mwanahija aligusa sikio lake, akasikiliza mtu asiyeonekana. Ilionekana walimkubalia. "Jina lake nani, tumkaribishe?"

Asajile akafungua mdomo, na jina halikutoka. Miaka tisa hakuwahi kulitamka.

"Anyegile," Tusekile alisema chini ya kanga. "Anaitwa Anyegile Mwasomola."

Mlango ukafunguka na bibi mmoja mrefu, amejitanda kichwa kizima, akaingia kinyumenyume. Alipapasa kochi kwa mkono, akaketi ubavu, bega lake likimwelekea mkwewe. Asajile hakuwa amewahi kumkaribia hivyo tangu siku ya harusi. Alinukia sabuni ya mche na moshi wa kuni. Jambo la ajabu lilimtokea, ambalo alikuwa akilijua kwa namba tu: moyo ulianza kupiga hadi masikioni, jasho likamlowa mgongoni, na wakati huohuo mwili mzima ukatulia, kama umeambiwa na mtu mkubwa usithubutu kumwaga hata tone.

Ubaoni woga wake ukatoka sitini na tatu ukafika themanini na tisa. Ukaganda hapo.

"Mama, shikamoo," alisema Mwanahija.

Bibi alimnong'oneza bintiye. "Anasema marahaba," Tusekile alisema, "na anauliza kama kipindi ni kirefu."

Kicheko kikapita ukumbini kama upepo. Mwanahija hakucheka. Alikuwa mwerevu kwa kazi yake. "Mhandisi, sitini na tatu ulikuwa nayo hata kabla mama hajaingia. Umetoka kukiri kosa mbele ya taifa. Nitajuaje kama hiyo iliyoongezeka ni ya mama mkwe na si ya kamera, au ya kibarua chako?"

Lilikuwa swali sahihi. Yeye mwenyewe angeliuliza.

"Ndiyo maana naomba chumba changu cha ndani kifunguliwe," alisema.

Kwenye mkono wa kochi, upande wa Tusekile, kipande cha kioo kikawaka rangi ya kijani kikisubiri dole gumba lake. Tusekile hakukigusa.

"Kuna nini humo?" aliuliza kwa sauti ya kawaida ya jikoni, kana kwamba kamera hazipo.

"Kuna mama. Kuna mzee mmoja wa Makambako niliyemkosea, nilitaka kukwambia. Na kuna mengine sijui. Mtu hajui chake."

"Yatakuumiza?"

"Nadhani."

"Unataka kweli, au unataka kwa ajili yangu?"

Hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza hivyo kwenye seti ile. Katika familia mia na kumi na saba, dole gumba lilibonyezwa kwa hasira, au kwa kushangiliwa, na mara moja kwa usingizi. Asajile alilipima swali kwa uangalifu, kwa kuwa lilistahili jibu sahihi.

"Nataka," alisema. "Naogopa sana, lakini nataka."

Tusekile akabonyeza.

Orodha ikafunguka juu yao, nyeupe kwenye nyeusi. Mwanahija akaisoma kwa kidole. "Mama mkwe, themanini na tisa. Mzee Kyando, Makambako, themanini na tano. Kamera, thelathini na moja..." Akasita. Mstari wa kwanza kabisa alikuwa ameuruka. Tusekile hakuuruka. Asajile alimwona akiusoma, akamwona akiubana mdomo.

*Tusekile, yaliyo ndani yake: tisini na nne.*

Hakuna aliyepata nafasi ya kulitamka, kwa sababu kishikwambi cha Magesa, kilichosubiri hadi orodha imtenganishe mama mkwe na kamera, kililia.

Afisa alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Taarifa ya dharura," alisema. "Anayetuhumiwa kudhuru: Anyegile Mwasomola, miaka sabini na mmoja. Aliyedhuriwa: Asajile Mwangupili. Hatua: apelekwe makao ya uangalizi, siku tisini."

Bibi akamvuta bintiye kanga. Safari hii hakunong'ona vya kutosha, na kinasa sauti kikayafikisha maneno yake ukumbi mzima. "Anasema nini huyo mwenye tumbo?"

"Anasema umemdhuru mkweo, mama."

"Kwa lipi? Kwa kumchinjia jogoo?"

Ukumbi ulivunjika. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliotazama chini na kukuta wamesimama ukingoni mwa kitu. Magesa alisubiri kinyamaze. Hakuwa mtu wa haraka.

"Kifaa kimoja kimetuhumu wazee wawili ndani ya nusu saa," alisema hatimaye. "Mmoja sijui habari zake. Mwingine nimemwona kwa macho yangu akiingia kinyumenyume asimtazame mtu anayedaiwa kuumizwa naye. Siwezi kupeleka nusu ya ushahidi na kuacha nusu. Nazisimamisha taarifa zote mbili hadi kifaa kikaguliwe." Akamtazama Asajile. "Na zile za nyuma, mhandisi. Utaniandikia zote."

"Nitaanza na Makambako," Asajile alisema.

Subilaga alikuwa tayari ameshafika kwenye kiti cha baba yake. Akaifungua breki kwa teke, akakigeuza kutazama ukutani. Kisigino cha mzee kikatulia.

*

Walipotoka ilikuwa saa nane mchana. Kitambulisho cha kazi cha Asajile kilibaki mapokezi, ndani ya bahasha. Subilaga alimpakia mzee kwenye gari akaenda naye kwake, na kabla ya kuondoka alimkumbatia wifi yake bila kusema kitu, jambo ambalo kwa Subilaga halikuwa dogo. Bibi alikuwa ametangulia kituo cha basi, akiapa kwamba Dodoma hapakanyagi tena.

Wakaketi wawili kwenye benchi la zege, nje ya uzio, kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Tisini na nne," Tusekile alisema.

"Ndiyo."

"Ulidhani kweli baba yako angeweza."

"Sikudhani. Sikujua. Kwangu hayo ni mambo mawili."

"Kwa mwanamke aliyekaa pale na kanga usoni, ni jambo moja."

Asajile alijua kitu ambacho ukumbi haukukitambua katika kicheko chake: jaribio lile lilithibitisha kwamba mashine haioni. Halikuthibitisha kitu chochote kuhusu baba yake. Mtu wa vipimo hawezi kujidanganya hapo.

"Uliza," alisema Tusekile.

"Nini?"

"Uliza kama watu wanavyouliza. Kwa mdomo."

Kubonyeza kioo kungekuwa rahisi zaidi. "Baba aliwahi kukukosea?"

"Hajawahi kukanyaga hata kivuli changu. Mvua ilikuwa ikinyesha anasimama getini analowa, anasubiri nitoke jikoni." "Hilo nakujibu kwa sababu ni lake na linamhusu. Mengine yaliyomo sitakujibu leo. Labda iko siku. Labda haipo."

"Sawa."

"Unaniamini?"

"Nakuamini," alisema, na lilikuwa kweli, na kweli hiyo haikuutuliza mkono wake wa kulia. Aliutazama. "Tusekile. Kuna jambo la kiufundi."

"Lipi tena?"

"Rekodi ya chumba cha ndani hufutwa saa sita baada ya kipindi kuanza. Tulianza saa nne. Mpaka saa kumi jioni iko hai. Simu yoyote inaweza kuifungua, si lazima ya kwangu. Kinachotakiwa ni kidole." "Na nataka kuangalia. Nimekuamini na bado nataka. Tangu tuketi hapa sijafikiria kingine. Ninaogopa nikienda msalani nitaifungua."

Alitegemea hasira, au machozi. Tusekile alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama unga kabla ya kuupima kwa macho.

"Kipi? Hiki?"

"Hicho. Cha kulia."

Akalichukua dole gumba lake akalifungia ndani ya ngumi yake, akaiweka ngumi mapajani, juu ya kanga. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. Muuza karanga alipita, akawatazama, akapita. Kivuli kilihama taratibu hadi kikawaacha miguu juani.

Saa tisa kasorobo kidole kilivutika chenyewe, mara moja. Tusekile akakaza ngumi.